Ukisubiri Baridi ya Ulaya, Umechelewa

"Mtaalamu, huko Ulaya baridi imeshaanza? Ndege wameanza kuja?"

Swali hili huanza kuniandama mwishoni mwa Novemba na kushika kasi Desemba, shule zikishafungwa na wazazi wakitafuta pa kuwapeleka watoto bila kulipa nauli ya Mikumi. Wanaouliza ni watu makini, wengine walimu wa biolojia, na jibu langu huwaudhi: wamekuja tangu Agosti. Wako waliopita juu ya kichwa chako Oktoba ukiwa unapatana bei ya mashuka Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na sasa hivi wako Malawi wanakula wadudu.

Kalenda si tatizo. Tatizo ni imani iliyojificha nyuma ya swali, kwamba ndege huhama kwa kukimbia baridi. Imani hii imo midomoni mwa kila mtu, kuanzia watangazaji wa redio hadi waongoza watalii wenye leseni, na anayeishika lazima achelewe, maana anasubiri theluji ianguke Berlin ndipo atoe darubini kabatini. Mwaka huu nimeamua kuishughulikia mapema, Septemba hii, kabla simu hazijaanza. Nitakula nafasi kubwa kufanya hivyo. Habari za wapi uende na saa ngapi zitapata kitakachobaki.

Tuanze hapohapo Kariakoo, kwenye maduka ya nafaka. Pembeni ya viroba vya mchele hawakosekani shomoro wa nyumbani wakidonoa punje zilizomwagika. Dume utamjua kwa kidevu cheusi. Ndege huyo, spishi hiyohiyo, anaishi Helsinki mwaka mzima. Januari kipimajoto kinaposhuka nyuzi 20 chini ya sifuri, yeye yupo, amevimbisha manyoya, anaokota makombo ya mkate nyuma ya mgahawa. Mwili mzima una gramu 30 tu. Kama baridi ndiyo inayofukuza ndege, mbona huyu haimfukuzi? Ni kwamba manyoya yakiwa makavu na tumbo likiwa limeshiba, ndege anahimili baridi ambayo mimi na wewe ingetumaliza usiku mmoja. Sharti ni hilo la tumbo.

Bado una shaka? Mtazame kunguru. Huyu wa India, mwenye shingo ya kijivu, anayekupokonya chapati mkononi mchana kweupe. Walipelekwa Unguja miaka ya 1890 ili wazoe taka, wakavuka hadi bara, na leo ndio wenye mji. (Naulizwa pia kama nao ni wahamaji wanaokuja kila mwaka kutoka India. Hapana. Hawaendi kokote. Wanalala mjini, wanaamkia mjini, na makinda ya ndege wengine ndiyo kifungua kinywa chao.) Ndege wa nchi za joto huyu, au sivyo? Basi mwaka 1994 kunguru wawili wa aina hii walionekana Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi kwenye Bahari ya Kaskazini, na inaaminika walifika kwa kudandia meli. Wakapita majira ya baridi ya kwanza. Wakapita ya pili. Mwaka 1997 wakazaliana, na kundi likaongezeka hadi kufikia ndege kama 30, mpaka mamlaka za kule zilipoamua kuwaondoa. Waliondolewa na watu. Theluji ilikuwa imeshashindwa. Bandarini kulikuwa na mabaki ya chakula cha binadamu kiangazi na baridi, na kunguru hakuhitaji kingine.

Sasa geuza hoja upande wa pili. Kuna ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi, ambaye kazi yake ni kula kaa. Huzaliana kwenye visiwa vya mchanga vya Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika, kati ya Aprili na Julai. Huchimba shimo refu mchangani, hutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuatamia. Wenye ndugu Muscat na Dubai waulizeni hali ya hewa ya huko mwezi Agosti, kipimajoto kinapokuwa juu ya nyuzi 40. Ni Agosti hiyohiyo ambapo ndege huyu anaanza kuonekana kwenye pwani yetu, kuanzia Mida kule Watamu hadi delta ya Rufiji, kinda wake akimfuata nyuma na bado anaomba kulishwa. Anatua wakati kusi inavuma na Dar yenyewe haifiki nyuzi 30. Anakimbia baridi ipi? Ya kiyoyozi?

Na yeye hayuko peke yake. Keremkerem mwekundu wa kaskazini, mwenye kichwa cha kijanikibichi, huzaliana ukanda unaotambaa kusini mwa Sahara kutoka Senegali hadi Ethiopia. Theluji kule ni hadithi. Hata hivyo hushuka hadi pwani ya Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania, na hukaa kwetu mpaka Machi. Keremkerem mwingine, yule mwenye mashavu ya buluu ambaye utamwona kwenye nyaya za umeme karibu na mikoko ya Msimbazi, huzaliana Irani, Iraki na Asia ya Kati, sehemu ambazo kiangazi chake kinaunguza.

Lakini shahidi ninayempenda kuliko wote ni ndege mmoja mdogo wa kahawia wa vichakani, gramu 12 hivi, ambaye hata ukimwona hutamtambua. Anaondoka Ulaya Julai na Agosti, wakati Wazungu wenyewe wako ufukweni wanaota jua. Anafika Sudan na Ethiopia, anatulia huko wiki nyingi. Novemba ananyanyuka tena na kuelekea kusini. Tunajua hili vizuri kwa sababu ya Ngulia, hoteli iliyo juu ya mwinuko ndani ya Tsavo Magharibi, ambapo usiku wa ukungu usio na mbalamwezi taa huvuta ndege wahamaji kwa maelfu, na tangu mwaka 1969 watafiti wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu, kuwavalisha pete na kuwaachia. Huyu mdogo wa kahawia hunaswa kwa wingi mno. Swali langu kwa wapenzi wa nadharia ya baridi: ni baridi gani iliyomtoa Sudan mwezi Novemba? Hakuna. Kilichomtoa ni ukame. Mvua za kule zimekwisha, nyasi zimekauka, wadudu wameadimika, na huku kwetu vuli ndiyo kwanza inanyesha.

Hapa huwa kuna mjuaji anayeinua mkono. "Lakini mbona mbayuwayu hufa kwa baridi?" Kweli hufa. Mwezi Septemba na Oktoba 1974 baridi na mvua vilibana Uswisi na kusini mwa Ujerumani mapema kuliko kawaida, na mbayuwayu wakakwama kaskazini mwa milima ya Alps. Walianguka kwa mafungu chini ya mapaa. Watu wakawaokota, wakawapanga kwenye masanduku, wakawasafirisha kwa treni na kwa eropleni hadi upande wa pili wa milima. Ndege kwa mamia ya maelfu walipandishwa ndege. Sasa soma vizuri chanzo cha vifo: mbayuwayu hula wadudu wanaoruka, na wadudu hawaruki kwenye mvua baridi. Wale ndege waliuawa na njaa. Shomoro wa mji uleule, anayekula punje na makombo, alikuwa akiwatazama kutoka dirishani.

Ukishaielewa njaa, usikimbilie kusema basi wanaondoka wanapoanza kuhisi njaa. Hapana, wengi wanaondoka wakiwa wamenona. Ndege anayesubiri njaa ndipo aondoke hafiki popote, kwa sababu mafuta ya safari ni yale aliyojaza mwilini chakula kikiwa bado kingi. Anajuaje muda? Anazaliwa nao. Mwaka 1967 Mjerumani Eberhard Gwinner alichapisha matokeo ya jaribio ambalo ningependa liingie kwenye mtihani wa kidato cha nne. Aliwafungia ndege wadogo wahamaji, aina ambayo kwa asili huvuka Sahara kuja Afrika, kwenye chumba kisichobadilika: mwanga saa 12, giza saa 12, joto lilelile, chakula tele. Hakuna baridi, hakuna njaa, hakuna hata dirisha la kuchungulia mawingu. Majira yalipofika, ndege wakaanza kuhangaika usiku kucha, wanarukaruka na kupigapiga mabawa kwenye vijiti vyao. Walihangaika kwa msimu, wakatulia kwa msimu, wakabadilisha manyoya kwa wakati. Baadaye alifanya hivyo na ndege waliotoka Kenya, wasiohama kabisa, na nao miili yao ikaendelea kuhesabu mwaka miaka mingi bila kuonyeshwa kalenda. Saa imo ndani. Urefu wa mchana kule nje kazi yake ni kuirekebisha isipotee.

Ndiyo maana kinda anaweza kuja peke yake. Chukua kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Huzaliana Siberia ya kaskazini, sehemu za Taimyr, ambako jua la Juni halizami. Dume hana habari na malezi: mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai ameshageuza. Majike hufuata Julai. Makinda, wenye umri wa wiki chache, hubaki nyuma bila mzazi hata mmoja, hunenepa, kisha Agosti hunyanyuka kuelekea mahali wasipopaona bado. Ndiyo sababu matope ya Daraja la Selander hupata watu wazima kwanza, wakiwa bado na mabaka ya rangi ya kutu tumboni, halafu kuanzia Septemba vijana wenye mgongo wa magamba na kifua safi cha rangi ya krimu. Ukienda Desemba, wote wana kijivu kilekile na raha ya kuwatofautisha imekwisha. Na vijana hao, mwaka ukigeuka, wengi hawarudi Siberia. Nenda Juni utawakuta palepale, wanachokoa matope, huku wazee wao wako kaskazini.

Kwa hiyo ukitaka kuuliza swali lenye akili, uliza kinyume: kwa nini wanaondoka huku kwenda kule? Huko jibu ni zuri. Kaskazini kiangazi kina mchana wa saa 16, 18, hata 24, na wadudu wanaolipuka kwa wiki chache kwa wingi usiosemeka. Mzazi mwenye mchana mrefu analisha makinda wengi zaidi. Mbayuwayu wa Ulaya hutaga mayai manne au matano, na mara nyingi hurudia tena msimu huohuo. Kazi ikiisha, hakuna cha kungojea. Kitwitwi wetu hukaa Siberia kama miezi miwili na kuumaliza mwaka akiwa njiani na kwenye tope la Afrika. Kumwita mgeni wa msimu ni sawa na kumwita mgeni mtu anayelala kwako siku nyingi kuliko anazolala kwake.

Na huku, kinachopanga ratiba ni mvua. Vuli ikianza kunyesha Oktoba, kumbikumbi hutoka ardhini, na kila anayekula wadudu hewani anajua. Mbayuwayu, teleka, keremkerem, hata kozi. Kuna kozi mdogo wa Amur, gramu 150 hivi, anayezaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, anakusanyika kaskazini mashariki mwa India, kisha anavuka Bahari ya Hindi akisukumwa na pepo za kaskazi na kutua Afrika Mashariki Novemba na Desemba. Huyu ndiye mhamaji anayemfaa mtu aliyechelewa. Huwa nampa kila anayenipigia simu siku za Krismasi, kama zawadi ya kumfariji.

Haya, wapi na lini.

Kariakoo yenyewe: panda ghorofa lolote utakaloruhusiwa, saa kumi na moja na nusu jioni, utazame usawa wa paa la soko lile alilolichora Beda Amuli na kwenda juu. Mbayuwayu wa Ulaya ana koo jekundu lililozungushiwa mkanda wa buluu iliyoiva. Kijana wake amepauka na mkia wake ni mfupi. Mwenye koo jeupe na utosi wa kahawia ni mwenyeji, amezaliwa chini ya daraja fulani hapahapa. Teleka mdogo mwenye kiraka cheupe juu ya mkia naye ni mwenyeji, anajenga kwenye majengo yetu. Teleka mkubwa mweusi asiye na kiraka, huyo ni mpita njia, na hatui. Usimsubiri kwenye waya, utazeeka.

Bustani ya Mimea pale Samora, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, ni ya asubuhi, geti likifunguliwa tu, kuanzia Oktoba. Tafuta ndege wa kijivu anayekaa wima kwenye tawi lililo wazi, anachomoka kunasa mdudu na kurudi tawi lilelile. Juu kwenye majani, yule mwenye rangi ya ndizi mbivu na mabawa meusi hupita Oktoba na Novemba. Mnazi Mmoja inafaa pia, ila siku isiyo na mkutano.

Jangwani na bonde la Msimbazi: harufu ni mbaya na ndege ni wazuri. Vitwitwi wa maji baridi wako kando ya mto na mitaro tangu Agosti, hasa yule anayetikisa nyuma ya mwili wake bila kupumzika. Oktoba wanaongezeka ndege wadogo wa njano watembeao kwenye majani ya viwanja vya mpira. Nendeni wawili au zaidi, simu iwe mfukoni, na mvua kubwa ikinyesha msiende kabisa.

Daraja la Selander ni la wanaojua maji. Maji yakipwa kabisa ndege wametawanyika mbali na utaona vidoti tu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni. Fika saa saba na nusu, jua liwe limekupiga utosini lakini maji yanawasukuma ndege kuja kwako. Sululu mwenye mdomo uliopinda, vitwitwi, buabua kwenye mchanga uliobaki, na ukibahatika yule mla kaa. Siku za maji mafu usijisumbue. Daraja la Tanzanite, tangu lifunguliwe 2022, linakupa mandhari ya juu, ila halikujengwa ili usimame na darubini katikati ya magari.

Darubini: inayokuza mara nane inatosha. Zile zinazotembezwa mitaani zimeandikwa kwamba zinakuza mara 90, kumbe zinakuza mkono wako unaotetemeka. Programu ya simu ya kutambua sauti itakusaidia, lakini mjini inasikia bodaboda zaidi kuliko ndege, na wahamaji wengi wakiwa huku hawaimbi sana.

Ukiokota ndege mwenye pete mguuni, hajatumwa na mganga wala na majasusi. Mwaka 2013 korongo alikamatwa Qena, Misri, akituhumiwa ujasusi, kumbe kifaa alichobeba kilikuwa cha watafiti wa ndege. Soma namba na maandishi yote, piga picha, andikia makumbusho iliyotajwa kwenye pete. Wanajibu. Ndege akiwa hai, muache aende na pete yake.

Kunguru wote wakipiga kelele kwa pamoja na kupaa juu, usipoteze muda na kunguru. Tazama wanayemfukuza. Huenda ni mwewe tu wa Feri, lakini Novemba huwa wanamsindikiza kozi aliyetoka mbali.

Na ukiwa Ocean Road, darubini ielekee baharini. Upande ule mwingine kuna Ikulu, na askari wa pale hawana muda wa habari za kitwitwi.